Njaa ya Hiari na Njaa ya Lazima

Ng'ombe mwenye njaa hayakatai majani mabichi, wala kuku hawezi kuupa kisogo mtama uliomwagwa uani. Binadamu aweza. Aweza kuketi mbele ya sahani ya wali unaofuka moshi, tumbo linamsihi na mate yanamjaa kinywani, naye akasema: La, sitakula sasa. Uwezo huu wa kukataa ni sehemu ya utu wetu, maana asiyeweza kulikataza tumbo lake hawezi kuwa bwana wa nafsi yake. Lakini kisu kikatacho mboga hukata na kidole. Basi yafaa tuulize: Mtu akikataa chakula, amekikataa kwa sababu gani, kwa amri ya nani, na kwa faida ya nani?

Kufunga si jambo geni kwetu. Mwislamu hufunga mwezi mzima wa Ramadhani toka alfajiri mpaka magharibi. Wakristo wa madhehebu mengi huzizuia nafsi zao katika siku za Kwaresima. Lakini siku hizi imezuka funga nyingine isiyokuwa na mwezi wala sala, na kibla chake ni mizani. Mtu hujiwekea saa za kula na saa za kutokula ili apunguze uzito wa mwili. Wako wanaojinyima chakula kwa muda wa saa 16 katika kila saa 24, wakala katika saa 8 zilizobaki, tuseme toka saa sita mchana hata saa mbili usiku. Wako wanaokula kama desturi siku 5 za juma, na siku 2 wakala kidogo sana. Njia hii ilipata sifa nyingi toka mwaka 2012, ilipoelezwa katika televisheni ya Uingereza na Michael Mosley, mtangazaji aliyesomea udaktari. Leo hata hapa kwetu Kenya utamsikia mtu akisema, "Sili asubuhi, ninafunga," wala si siku ya dini.

Wanaofanya hivyo wana sababu, nasi haifai tuwacheke. Zamani mtu mwenye kitambi alihesabiwa kuwa mtu wa neema, na mama mnene alisifiwa kuwa anatunzwa vema. Leo twajua kwamba uzito uliopita kiasi hufungua mlango wa kisukari, wa shinikizo la damu na wa maradhi ya moyo. Uchunguzi wa idadi ya watu na afya uliofanywa katika Kenya mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hata 49, 45 walikuwa na uzito uliozidi. Mzazi anayejipunguza asije akaugua mapema na kuwaacha watoto wake bila tegemeo hafanyi anasa, hutimiza wajibu. Mwili ni amana, na amana hutunzwa.

Tena kazi inayofanyika mwilini si uchawi. Tulapo, sukari ya chakula huingia katika damu, na homoni iitwayo insulini huiongoza mahali pake. Sehemu hutumika papo hapo, na sehemu huwekwa akiba katika ini na misuli. Muda wa saa 12 au zaidi ukipita bila kula, akiba ya ini hupungua, na mwili huanza kuyategemea zaidi mafuta yake, kama mkulima afunguavyo ghala mahindi ya jikoni yakiisha. Mwaka 2016 mtaalamu wa Japani, Yoshinori Ohsumi, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi chembe hai inavyozila sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya. Kazi yake kubwa aliifanya kwa kuchungua chembe za hamira zilizonyimwa chakula. Habari hiyo ilipowafikia watu ilivishwa kanzu isiyo yake. Wengi walisema: Kumbe njaa husafisha mwili! Lakini tuzo ile ilitolewa kwa elimu ya chembe. Haikutolewa kwa shauri la kupunguza tumbo.

Wataalamu wa Guangzhou, nchini China, walilipima jambo hili kwa watu 139 wenye unene mkubwa, wakatangaza matokeo mwaka 2022. Watu wote walipunguziwa kiasi cha chakula kwa muda wa mwaka mmoja. Lakini kundi moja liliamriwa kula toka saa mbili asubuhi hata saa kumi alasiri tu, na kundi la pili lilikula saa yo yote lililopenda. Mwisho wa mwaka kundi la kwanza lilikuwa limepungua kilo 8 kwa wastani, na kundi la pili kilo 6.3. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo, hata wataalamu hawakuweza kuihesabu kuwa ni kazi ya saa. Yaweza kuwa ni bahati tu. Fundisho lake ni kwamba jambo kubwa ni kiasi. Saa ni fimbo ya kumsaidia mtu kushika kiasi. Kwa mmoja fimbo hiyo yafaa, na kwa mwingine ni mzigo.

Sasa nitasema habari yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonitia katika mawazo haya. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi mmoja alipenda kutuambia kuwa mwalimu hufundisha hata anapokuwa kimya. Nililiandika neno hilo daftarini, lakini sikulielewa mpaka miaka kadha baadaye. Nilikuwa nimekwisha pita umri wa miaka 30, na suruali zangu za zamani zilikuwa zinanikataa. Nikaanza kufunga. Sikunywa chai ya saa nne pamoja na walimu wenzangu, wala sikula kitu kabla ya saa nane mchana. Kwa miezi michache nilipungua kilo 6. Laiti ningalinyamaza! Lakini mtu aliyepata ushindi mdogo hupenda kuupigia ngoma. Nilijisifu katika chumba cha walimu, nikajisifu na darasani. Niliwaambia wanafunzi kuwa njaa ni kitu cha moyoni tu, na kwamba anayelemewa na tumbo lake ni dhaifu.

Siku moja ilikuwa zamu yangu ya kuangalia shule wakati wa chakula cha mchana. Shule ilikuwa ya kutwa, na wanafunzi walikula githeri kwa ada iliyolipwa na wazazi. Nilipopita madarasani niliwakuta wanafunzi wawili, msichana na mvulana, kila mmoja ameketi pembe yake na kitabu mbele yake. Nilifurahi kwa bidii yao. Nikamwuliza msichana, "Mbona hukwenda kula?" Akatabasamu, akajibu, "Ninafunga, mwalimu, kama wewe." Alikuwa mtoto mwembamba, hana cha kupunguza. Nikamgeukia mvulana, nikamwuliza vilevile. Akainamisha macho kitabuni, akasema, "Sina njaa, mwalimu."

Baadaye nilipata kujua ukweli wa wote wawili. Msichana alikuwa hali asubuhi wala mchana kwa muda wa majuma matatu, kwa kuwa wenzake waliucheka mwili wake. Na maneno yangu yalimpa jina zuri la kuiitia huzuni yake. Mvulana hakuwamo katika orodha ya waliolipa ada ya chakula. Mama yake alikuwa amekosa kibarua, na mtoto hakutaka watu wajue. Yule aliyekuwa na chakula alisema anafunga. Yule aliyekuwa na njaa alisema hana njaa. Na mimi, ambaye mkebe wangu wa chakula ulikuwa mezani unaningoja saa nane ifike, nilikuwa nimewaambia wote wawili kuwa njaa ni kitu cha moyoni tu. Niliona haya ambayo sijaisahau mpaka leo.

Msomaji, hebu tuzitazame njaa hizi tatu. Tumbo haliwezi kuzitofautisha; kwa tumbo zote ni moja. Tofauti yao imo katika uhuru. Njaa yangu ilikuwa na mlango, nami niliweza kutoka wakati wo wote nilipotaka. Njaa ya mvulana haikuwa na mlango. Njaa ya msichana ilikuwa na mlango, lakini macho ya watu yalisimama mlangoni kama bawabu, naye akaogopa kupita. Basi kuna njaa ya hiari na kuna njaa ya lazima; na baina yao kuna njaa ya tatu, ambayo ni ya hatari kuliko tunavyodhani. Hiyo ni njaa ya lazima iliyovaa nguo za hiari.

Wala tusidhani kuwa njaa ikiingia mwilini hukaa tumboni tu. Toka Novemba 1944 hata Desemba 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana wa kiume 36 walijitolea ili athari za njaa zichunguzwe katika miili yao. Walikuwa wazima wa afya, nao walikataa kushika silaha vitani kwa sababu ya dhamiri zao. Mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua ni kwa njia gani watu waliodhoofishwa na njaa ya vita wangeweza kulishwa mpaka wapone. Kwa majuma 24 vijana wale walikula karibu nusu ya desturi yao, wakapoteza kama robo ya uzito wao. Lakini ajabu kubwa zaidi ilikuwa katika tabia zao. Waligombana kwa mambo madogo, walihuzunika, fikira zao zilizunguka chakula mchana na usiku, na baadhi yao walivisoma vitabu vya mapishi kama watu wengine wasomavyo hadithi. Hawa walikuwa watu wa moyo imara, tena waliingia kwa hiari yao. Nani basi atasema kuwa njaa ni kitu cha moyoni tu? Njaa ikizidi huutawala huo moyo wenyewe.

Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kujinyima chakula yampasa kujiuliza maswali matatu.

Swali la kwanza ni hili: Je, mwili wangu unaweza? Kijana wa miaka 14 au 17 ni nyumba inayojengwa. Mifupa yake hupata sehemu kubwa ya uimara wake katika miaka hiyo, na ubongo wake bado unakomaa. Fundi akiiba saruji wakati wa kujenga, haiwezi kutiwa ukutani nyumba ikiisha kuezekwa. Msichana anayejinyima mno, hedhi yake huweza kukatika na mifupa yake kudhoofika. Mvulana naye huweza kukosa kimo na nguvu alizoandikiwa. Hata mtu mzima, akiwa ana kisukari na anatumia dawa, asianze kufunga bila ya kumwuliza daktari, maana sukari ya damu yaweza kushuka ghafula. Tazama jinsi funga ya dini ilivyo na huruma katika jambo hili. Uislamu haumlazimishi mtoto ambaye hajabaleghe, na humruhusu mgonjwa na msafiri kula. Kijana aliyebaleghe hufunga, lakini hufuturu jua likichwa na hula daku kabla ya alfajiri. Ikiwa funga ya Mungu ina ruhusa, funga ya mizani imepata wapi haki ya kukosa ruhusa?

Swali la pili: Ni nani anayeniamuru? Hapa mtu hana budi kusema kweli na nafsi yake, kwa kuwa hakuna mwingine awezaye kumjibia. Ziko alama za kumwonyesha. Jirani akimkaribisha chakula, je, aweza kula kwa furaha na kurudi katika utaratibu wake kesho, au atajichukia usiku kucha kwa kipande kimoja cha chapati? Mama akimwuliza kama amekula, je, hujibu kweli, au husema kuwa alikula shuleni? Na uzito alioutaka ukiisha kupatikana, je, hutosheka, au husogeza alama mbele kila anapoifikia? Anayeamuru funga yake aweza kuivunja bila hofu. Lakini anayedanganya nyumbani ili asile, huyo ndiye anayeamriwa. Mambo yamekwisha kuwa ugonjwa au yanaelekea huko, na dawa yake ya kwanza ni kumwambia mtu mzima anayemwamini. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni yetu sisi tunaoucheka mwili wa mwenzetu kana kwamba aliuchagua sokoni. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kiuno chembamba kilichopatikana kwa machozi ni uzuri wa namna hiyo.

Swali la tatu husahauliwa na wengi: Chakula nilichokiacha kimekwenda wapi? Funga za zamani zililikumbuka. Mwislamu amalizapo Ramadhani hutoa zaka ya fitri, kipimo cha chakula kwa maskini, kabla ya sala ya Idi, ili asiyekuwa na kitu naye aile siku ile. Mkristo huhimizwa kuunganisha Kwaresima na sadaka. Gandhi, akiwa mzee wa miaka 78, alifunga mjini Delhi toka tarehe 13 hata 18 Januari 1948, si kwa ajili ya mwili wake, bali ili Wahindu, Waislamu na Masingasinga waache kuuana. Vijana wa Minnesota nao walijinyima ili wenye njaa wa nchi nyingine wapate kulishwa vema. Katika funga hizi zote kamba imefungwa baina ya njaa ya hiari na haja ya watu wengine. Funga ya mizani peke yake imeikata kamba hiyo. Inaanzia kwa mtu na kuishia kwa mtu yuleyule.

Nasi tusisahau tuko katika nchi gani. Uchunguzi uleule wa mwaka 2022, ulioonyesha wingi wa wanawake wenye uzito uliozidi, ulionyesha pia kuwa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, 18 walikuwa wamedumaa. Na katika mwaka huohuo ukame uliwafanya watu zaidi ya milioni 4 katika kaunti kavu za Kenya, kama Turkana, Marsabit na Mandera, wahitaji msaada wa chakula. Jamaa moja ya taifa, nyumba moja. Katika chumba hiki mtu atafuta njia ya kula kidogo, na katika chumba cha pili mtu atafuta cho chote cha kula.

Mtu aweza kunipinga akisema: "Chakula ni changu na mwili ni wangu. Nikiuacha mkate wangu, mtoto wa Turkana hatashiba kwa hilo." Hoja hii ina nguvu, wala sitaipuuza. Ni kweli kwamba kilo zangu 6 hazikumwongezea mvulana yule hata punje moja ya githeri. Sisemi kuwa funga ya mtu humshibisha mwingine. Nasema kuwa aliyeonja njaa kwa hiari amepewa elimu ambayo mwenye shibe hana. Yasemwa kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na hilo ni udhuru wa mwenye shibe. Lakini mimi nilikuwa na udhuru gani? Kila asubuhi nilikuwa nikisikia tumbo langu likinguruma ubaoni, na mbele yangu aliketi mtoto ambaye tumbo lake linanguruma vilevile, nami sikumjua. Nilikaa miezi michache katika shule ya njaa, na somo pekee nililotoka nalo lilikuwa kipimo cha suruali.

Sikuacha kuutunza uzito wangu. Nimepunguza sukari, natembea kwa miguu, na chakula cha usiku nala mapema. Lakini mchana, shule ikila, nami nala githeri ileile pamoja na wanafunzi, mahali wanaponiona. Nilimwomba msichana yule radhi mbele ya mama yake. Muuguzi alimsaidia, na muda mrefu ulipita kabla hajaweza kula bila kuhesabu. Kuhusu mvulana, walimu kadha tulishirikiana kuilipa ada yake kimya kimya, akaitwa kula kama wenzake bila mtu kuelezwa sababu. Mimi nilitoa fedha iliyokuwa ikinunua chai na mandazi yangu ya saa nne. Hapo ndipo nilipoona kwamba kujinyima kwangu kumepata maana.

Basi kijana unayesoma, ukiona mwenzako hali, usimsifu upesi na usimcheke. Mwulize kwa upole, na jibu lake la kwanza usiliamini sana. Na wewe mwenyewe, maadamu unakua, kula chakula chako cha haki bila kuona haya. Utakapokuwa mtu mzima, ukaona kuwa yafaa kujinyima kwa ajili ya afya yako, jinyime kwa kiasi, kwa akili na kwa shauri la wajuao. Kisha mtafute yule ambaye hakuchagua.